Mwenye Kontena

Ijulikane kwa wote, wa bara na wa visiwani, walio nyumbani na walio ughaibuni, ya kwamba Bwana Vuai Haji Makame, Mkurugenzi Mtendaji wa Vuai Global, ni mtu mkubwa. Ana ofisi Guangzhou, ana ofisi Dar es Salaam, ana ofisi Unguja na ana ofisi Dubai. Haya yameandikwa kwenye kadi yake kwa wino wa dhahabu, na wino wa dhahabu hauandiki uongo.

Ofisi ya Guangzhou ni meza ya kukunja iliyowekwa kati ya friji na mlango wa choo, katika nyumba ya vyumba viwili juu ya mgahawa wa tambi, mtaa wa Dengfeng. Chakula kikiiva, ofisi huondolewa mafaili ikapokea sahani. Ofisi ya Dar es Salaam ni simu ya shemeji yake, ambaye ameagizwa apokee kwa Kiingereza. Ya Unguja ni baraza ya nyumba ya mama yake mzazi. Ya Dubai, Vuai alipita pale akibadilisha ndege, akanunua pakiti ya korosho kwa bei ya mbuzi, akapigwa picha.

Mkewe, Zainabu, alikuwa akipika biriani na chapati kwa oda, akiwauzia Waafrika wa mtaani waliochoka na tambi. Binti yao, Fathiya, alikuwa amemaliza kidato cha nne katika shule ya bweni kule Tanga, akaletwa Uchina kungoja matokeo. Juu ya binti huyu hakuna mengi ya kusema, isipokuwa kwamba alikuwa msichana mtulivu, mwenye adabu, aliyewapenda wazazi wake na asiyependa utani.

Kazi ya Vuai ilikuwa kununua na kutuma. Mtu wa Kariakoo alimtumia hela, yeye akazunguka masokoni, akapatana bei, akafunga mzigo na kuupeleka. Wenye nguvu katika biashara hii hujaza kontena zima peke yao. Wasio na nguvu hutuma kichele, yaani katoni zao chache huingizwa katika kontena moja pamoja na za watu wengine wengi, kila katoni imeandikwa alama ya mwenyewe kwa kalamu nene ili watu wasije wakagombana bandarini. Vuai alikuwa amekaa Guangzhou miaka mingi, na hakuwahi kutuma kitu kingine zaidi ya kichele.

Kwenye simu, katika picha alizoweka mtandaoni, alikuwa mwingine kabisa. Kwenye simu alisimama katika maduka ya sofa ya watu, mbele ya ghala la watu kule Foshan, kando ya gari jeupe la watu, mkono mmoja mfukoni, akitazama mbali kama mtu anayefikiria kununua jengo la jirani. Wauza sofa walimwita laoban, yaani bosi, kama wanavyomwita kila anayeingia, hata aliyekuja kuuliza njia. Vuai aliamini kwamba waliona kitu usoni pake.

"Watu wa Kariakoo hawampi mtu hela zao kwa kuwa ni mwaminifu," alimwambia mkewe. "Waaminifu wako tele, na wote wana njaa. Wanampa anayeonekana hazihitaji."

"Basi kamwambie mama mwenye nyumba kwamba huzihitaji," Zainabu alisema, akikaanga vitunguu. "Labda atakusamehe kodi."

"Mama Fathiya, wewe huelewi biashara."

"Naelewa vitunguu. Sogeza hiyo ofisi yako, mafuta yanaruka."

Ilikuwa hivyo siku nyingi, na hakuna aliyeumia. Kisha ikaja picha ya Nansha.

Kontena lililobeba kichele chake safari ile lilipakiwa katika ghala moja huko Nansha, karibu na bandari, na mpakiaji aliitwa Kasmir. Huyu alikuwa Mtanzania mwembamba mwenye simu tatu, ambaye wenye kichele wote walimpelekea mizigo yao kwa sababu alikuwa rahisi na hakuuliza maswali. Vuai alikwenda naye mpaka ghalani, safari ya mwendo mrefu kwa gari la mizigo, akamchukua Fathiya ili ampige picha. Alivaa fulana ya kung'aa ya wapakizi juu ya suti yake ya kijivu.

Hakutaka kupigwa picha milango ikiwa wazi. Milango ikiwa wazi, alama za watu wote huonekana, na mtazamaji anajua hapa wamechanga watu thelathini. Milango ikifungwa, kontena ni la anayesimama mbele yake. Kwa hiyo alingoja katika jua kali, mpaka katoni ya mwisho ilipoingia na milango ikabanwa. Kasmir alipotoa sili, kile kipande cha chuma kinachofungia kontena na ambacho hakifunguliwi ila kwa kukatwa, Vuai akamwomba aishike kidogo. Kasmir akampa huku akicheka. Vuai akaisogeza kwenye komeo, akageuza uso, akaangalia mbali.

Picha ilitoka nzuri mno. Namba ya kontena ilisomeka yote juu ya kichwa chake, mfano wa taji. Ikapandishwa kwenye akaunti ya Vuai Global, na chini yake yakawekwa maneno haya: "Kontena letu. Tunapakia wenyewe, tunafunga wenyewe. Yaliyomo humo, muulizeni Vuai."

Vuai aliyakuta maneno hayo asubuhi yake, akayarudia kwa sauti akinyoa ndevu.

Kabla hajamaliza shavu la pili, simu ikalia. Alikuwa Aloyce, mwenye duka kubwa la vigae Kariakoo, mtu ambaye kwa miaka miwili alikuwa akisoma salamu za Vuai bila kujibu.

"Bosi, nimeiona," Aloyce alisema. "Kumbe unafunga mwenyewe?"

"Ndiyo utaratibu wetu."

"Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Hawa wa kichele wamenichosha, kaka. Nataka mtu wa kuulizwa. Nataka vigae, kontena mbili, na kila mwezi. Wewe unaweza?"

Vuai alifuta povu kidevuni. "Tuma vipimo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeombwa kitu kidogo.

Alipokata simu aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa na akakaa pale, uso nusu mweupe kwa povu, mpaka Zainabu akagonga mlango kuuliza kama ameanguka.

Habari mbaya ilifika kama habari zote za mtaa ule zinavyofika, kwenye kundi la wafanyabiashara la WhatsApp. Aliyeiandika ni Goodness, mama wa Kimachame aliyekuwa na ofisi ya mizigo katika jengo la Tianxiu na ambaye Watanzania wengi walimchukulia kama mwenyekiti wao bila kumpigia kura. Kontena lile la Nansha limezuiwa forodhani. Ndani ya katoni zilizoandikwa vyombo vya jikoni kumekutwa betri za pikipiki za umeme, shehena kubwa, hazikutajwa kwenye hati yoyote. Vitu vile vinaweza kuwaka moto katikati ya bahari. Mizigo yote ya watu wote imeshikwa. Kasmir hapatikani, simu zote tatu zimezimwa.

Watu waliandika mengi. Walimlilia Mungu, walimtukana Kasmir na ukoo wake. Halafu mtu mmoja, ambaye namba yake haikuwa na jina, akaiweka picha. Vuai alikuwa amezungushiwa duara jekundu, na duara jingine dogo lilizunguka mkono wake ulioshika sili. Aliyeiweka hakuandika neno. Maneno yalikuwa tayari pale chini.

"Waandikie," Zainabu alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, unga mikononi. "Waandikie sasa hivi kwamba kontena si lako."

"Nitaandika."

"Andika nikuone."

Vuai alishika simu. Kidole chake gumba kilikaa juu ya herufi. Ndipo jina la Aloyce likatokea juu ya kioo, likileta vipimo vya vigae, sentimita sitini kwa sitini, rangi ya maziwa. Vuai akaiweka simu mezani ikitazama chini.

"Nikishatulia," akasema.

Hakutulia. Aliacha kushuka barabarani. Aliibandua kadi yake ya dhahabu iliyokuwa mlangoni, ikabaki alama ya gundi ya mraba, akaikwangua alama ile kwa kisu mpaka rangi ya mlango ikatoka na mahali pale pakaonekana zaidi kuliko zamani. Kila mara hatua za mtu zilipopanda ngazi, nyumba nzima iliacha kutafuna. Hatua zikipita kwenda juu, walitafuna tena bila kutazamana. Chini, mwenye mgahawa wa tambi, aliyekuwa akimpigia Vuai kelele za laoban kila akipita, alimwuliza Zainabu kwa ishara kama mumewe anaumwa. Zainabu akasema ndiyo, tumbo. Alipopanda alikuta pasi za kusafiria zote tatu ziko juu ya meza, Vuai akizitazama viza, na viza yake Vuai ilikuwa imebakiza wiki chache.

"Wakija watauliza hizi kwanza," alisema.

"Kina nani wakija?"

Ndiyo iliyokuwa shida yenyewe, hawakujua ni kina nani. Mtu anayejua anayemwogopa huweza angalau kuchagua dirisha.

Wa kwanza kugonga walikuja mchana kweupe, biriani ikiwa mezani. Waligonga taratibu, mara tatu, wakangoja, wakagonga tena mara tatu. Anayegonga hivyo hana nia ya kuondoka. Zainabu akafungua.

Walikuwa Wakongo wawili kutoka Lubumbashi, ndugu wa tumbo moja. Ilunga alijaza mlango mzima, lakini sauti yake ilikuwa ndogo na laini. Dada yake, Odette, alivaa koti jekundu na alikuwa na macho yasiyopepesa. Alikuwa amenunua vyerehani kwa ajili ya shule ya ushonaji aliyotaka kuifungua kwao. Vyote vilikuwa ndani ya kontena lile.

"Bonjour, papa Vuai. Bonjour, mama," Ilunga alisema. "Samahani, munakula. Hatukukuya kwa kupigana."

"Karibuni," Vuai alisema, akasimama. Alikuwa amevaa msuli na fulana ya ndani. Aliona Odette akitazama msuli, kisha friji, kisha mlango wa choo.

"Hapa ni bureau?" Odette aliuliza.

"Ofisi inafanyiwa ukarabati."

Zainabu alitazama ukutani.

"Papa," Ilunga alisema, "bintu yetu iko mu kontena yako. Tulikuona mu photo, unashika sili. Kasmir amekimbia, ni sawa, Kasmir ni mutu mudogo. Lakini we ni patron. Patron hakimbie."

Hapo, wapenzi wasomaji, mlango ulikuwa wazi kabisa. Sentensi moja ingetosha. Kontena si langu, baba, mimi ni kichele kama nyinyi. Zainabu aliisukuma sentensi hiyo kwa macho mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Lakini Ilunga alikuwa ameinama kidogo aliposema neno lile la Kifaransa, patron, yaani bosi, kwa heshima ya kweli, na katika maisha yote ya Vuai hakuna mtu wa ukubwa ule aliyewahi kumwinamia.

"Tulieni," Vuai alisema. "Suala liko mezani kwangu."

Mezani palikuwa na biriani na jagi la maji.

"Sema tu ndiyo ao hapana," Odette alisema. "Kontena ni yako?"

"Linashughulikiwa."

Odette alimtazama muda mrefu. Ilunga akatikisa kichwa kwa upole, akatoa simu, akaipiga picha namba ya mlango.

"Sawa, papa. Merci. Sasa tunajua nyumba."

Wakashuka. Zainabu alifunga mlango, akaweka komeo, akasogeza gunia la mchele nyuma yake. Halafu akakaa juu ya gunia.

Ugomvi wao ulifanyika chumbani, kwa sauti za chini, kama wanavyogombana watu wenye ukuta wa mbao.

"Ulimwogopa?" Zainabu aliuliza. "Niambie ulimwogopa, nitakusamehe."

"Sikumwogopa."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Nikisema kontena si langu, Mama Fathiya, nimesema nini? Nimesema na zile sofa si zangu. Na ofisi. Na lile ghala la Foshan, na ile gari nyeupe. Watavuta uzi huo mmoja na shati lote litafumuka. Nitabaki nimesimama vipi mbele za watu?"

"Utabaki umesimama. Hiyo peke yake nataka. Watakufunga, Vuai."

Alikuwa hajamwita jina lake tangu Fathiya azaliwe. Wote wawili walilisikia.

"Mtu akifungwa hutoka," Vuai alisema mwishowe. "Akishachekwa Kariakoo, hatoki."

Zainabu alianza kulia bila sauti, na mtu aliyekuwa upande wa pili wa mbao alijua kwa sababu kitanda kilikuwa kikitikisika.

Jioni ile Goodness alipiga simu. Alimwita kaka Vuai, kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko matusi ya kundi. Kampuni ya meli imemtuma karani. Anataka maelezo ya mtu aliyelifunga kontena, yaandikwe na yatiwe sahihi, kesho asubuhi, ofisini kwake Tianxiu. Baada ya hapo karatasi itakwenda kwa wakubwa, na wakubwa watakwenda kwa aliyesaini.

"Kaka, nikwambie kama dada yako," Goodness alisema. "Kama si lako, njoo useme si lako. Kama ni lako, njoo na nguo za kubadilisha."

Asubuhi Zainabu alipiga pasi suti ya kijivu. Kisha akachukua mkoba wa shule wa binti yake, akatia ndani mswaki, msuli, fulana mbili, kofia ya mkono na vidonge vya presha. Vuai aliuona mkoba, akasema avitoe vitu mle. Zainabu akasema hatoi. Wakashuka ngazi, Vuai mbele na suti yake, Zainabu nyuma na mkoba, na Fathiya wa mwisho, kwa sababu akaunti ya Vuai Global ilikuwa kwenye simu yake na karani alitaka kuiona.

Barabara ya Dengfeng ilikuwa na watu kama kawaida, wabadili fedha wakisugua vidole, wauza simu wakiita. Ila pale Vuai alipopita, kelele zilipungua kidogo, zikarudi nyuma yake. Mswahili mmoja waliyekuwa wakinywa naye kahawa kila Ijumaa aliinama kufunga viatu. Alikuwa amevaa ndara.

Ofisi ya Goodness ilikuwa ndogo, imejaa katoni mpaka dirishani. Karani aliitwa Chen, kijana mwenye miwani, mpole, mwenye mafua. Alikuwa ameichapisha picha kwa rangi. Ilunga na Odette walikuwa wamekwisha kaa. Karatasi ya maelezo ilikuwa juu ya meza, kwa Kichina na Kiingereza, na mahali pa sahihi palikuwa pametiwa alama ya kalamu ili mtu asipate taabu ya kupatafuta.

Chen aliuliza kwa Kichina na Goodness akatafsiri, ingawa Kichina cha masokoni Vuai alikijua.

"Anauliza, huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mkono ulioshika sili ni wako?"

"Ni wangu."

"Anauliza wewe ni mwenye kontena, ama vipi."

Vuai alinyoosha tai. Simu yake ilikuwa ikitetemeka juu ya meza, na jina la Aloyce lilionekana na kila mmoja. "Mwambie kwamba mimi," akasema, "ninasimamia kampuni."

"Kaka, hilo si jibu."

"Anauliza nini kingine?"

Goodness alishusha pumzi. "Anauliza haya maneno ya chini ni ya nani."

"Yangu."

"Uliyaandika wewe?"

"Mimi."

"Yaseme basi," Goodness alisema, akaigeuza picha ikatazama chini. Alikuwa akimtafutia pa kutokea. Alidhani hatayajua.

Vuai aliyajua. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akayasema yote kwa moyo, taratibu, kama mtu anayesoma utenzi uliotungwa kwa ajili yake: kontena letu, tunapakia wenyewe, tunafunga wenyewe, yaliyomo humo, muulizeni Vuai. Uso wake ulikuwa na nuru. Zainabu aliuficha wake ndani ya mtandio. Chen akasukuma karatasi mbele, akaweka kalamu juu yake, na Vuai akaichukua kalamu.

"Ngoja," Odette alisema.

Alikuwa akitikisa kichwa. "Hii maneno si ya patron. Mutu hawezi kujisema hivi ye mwenyewe. 'Muulizeni Vuai.' Hii ni maneno ya mutu anamuchekelea. Mi niko na watoto ku nyumba, najua namna banachekelea baba yao." Akazungusha macho yake yasiyopepesa, yakampita Goodness, yakampita Zainabu. "Ni nani aliandika?"

Macho yake yalisimama kwangu.

Nimejitahidi kuisimulia hadithi hii kama mtu mzima aliyekaa mahali pa juu, lakini hapo Odette alininasa, na sina budi kushuka. Fathiya ni mimi. Si mtulivu na sipendi kitu duniani kama utani. Ya chumbani nimeyajua kwa kuweka sikio kwenye mbao. Ya moyoni mwa baba, mengine nimeyabahatisha.

Kule Nansha baba aliniambia niandike, "Alhamdulillah, kazi inasonga." Basi. Nikaandika yale mengine. Niliyaandika ndani ya gari la mizigo wakati yeye amesinzia mdomo wazi, suti imejaa vumbi, nikawatumia rafiki zangu wa bweni, tukacheka mpaka machozi. Nilidhani kila mtu duniani angeona kwamba ni kejeli. Aloyce hakuona. Baba hakuona. Asubuhi alipotoka chooni, povu shavuni, aliniambia, "Mwanangu, umeniandika vizuri. Sikujua unaniona hivi." Nikasema asante, baba.

Tangu siku ile nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo wakati picha ilipowekewa duara. Nilikuwa nayo Ilunga alipokuwa mlangoni, kijiko cha biriani mkononi mwangu. Nilinyamaza kwa sababu kusema niliandika mimi kusingemwokoa na polisi tu. Kungemwambia pia kwamba nilikuwa nikimcheka.

"Ni mimi," nikasema.

Baba alinitazama, kalamu ikiwa juu ya mstari.

"Niliandika mimi, kwa mzaha," nilisema kwa Kiswahili. Kisha nikaanza kusema kwa Kichina, kile kibovu nilichojifunza kwa watoto wa mgahawa wa tambi, kwa sababu Goodness alikuwa ameacha kutafsiri. "Kontena si lake. Sili alipewa na Kasmir aishike kwa ajili ya picha. Sofa si zake. Ofisi ni meza yetu ya kulia. Baba yangu ni kichele. Ana katoni sita mle ndani, za mifuniko ya sufuria. Katoni sita, basi."

Nataka kukiri na hili, kwa kuwa nimekwisha kukamatwa. Nilipomaliza kusema, sehemu fulani ndani yangu ilingoja watu wacheke. Miaka yote bwenini, nikishamaliza kusema, watu hucheka. Ilunga alikuwa akitazama viatu vyake vikubwa. Mama alikuwa ameukumbatia mkoba. Odette, ambaye nilidhani angefurahi, alimtazama baba kwa uso ambao sikuwahi kuuona kwake, akavuta kiti chake nyuma kidogo, kama mtu anayemwachia mgonjwa hewa.

Chen aliivuta karatasi kutoka chini ya mkono wa baba, akaikunja mara mbili. Akachukua nyingine, nyembamba, ile ya wenye mizigo midogo, akaanza kuijaza. Simu ilitetemeka tena, Aloyce, ikajizungusha yenyewe mpaka ukingoni mwa meza. Hakuna aliyeigusa.

Baba aliweka kalamu chini. Alifungua kifungo cha koti. Nilidhani atanipiga, na nikatamani anipige.

"Saba," alisema, polepole, akimwambia yule karani na si mimi. "Sita alipakia Kasmir. Ya saba nilikwenda nayo mwenyewe kabla ya siku ya picha, begani."

Chen aliinua kichwa, akaniuliza baba yangu amesema nini.

Nikamtafsiria.